Memori ya Saizi Hii

Laptopu iliganda Jumatatu saa nne asubuhi, mwenyekiti akiwa katikati ya sentensi.

"Wajumbe, naomba sasa tu..." alisema mwenyekiti ndani ya visikio, kisha kimya. Mpiga chapa akangoja. Kishale cha kwenye skrini kikageuka kiduara, kiduara kikazunguka weee, naye akakikodolea macho, vidole vyake vikiwa hewani juu ya vitufe. Hakugusa kitu. Alishajua kwamba ukiibonyezabonyeza ndiyo unaikasirisha zaidi. Akavua visikio, akaenda jikoni, akaosha vikombe viwili na sufuria, akarudi. Kiduara bado kilikuwa kinazunguka.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kusikiliza mikutano ya watu wengine na kuiandika neno kwa neno. Bodi za maji, kamati za shule, vyama vya akiba, wote walirekodi vikao vyao, na ofisi moja ya mjini ikazigawa rekodi hizo kwa wapiga chapa wanaofanyia kazi majumbani. Wenyeviti alikuwa anawajua kwa vikohozi vyao. Alijua nani anasinzia mezani na nani anasema "kwa kifupi" halafu anaongea nusu saa. Laptopu aliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka sita ilimfanyia kazi bila manung'uniko. Lakini mwezi uliopita ofisi ilileta programu mpya, inayofungua sauti na maandishi kwa pamoja, na tangu siku hiyo mashine ikawa kama mzee aliyebebeshwa gunia ngazini.

Simu ikaita. Alikuwa msimamizi wake wa ofisini.

"Dada, mwezi huu umenichelewesha mara mbili. Mara ya kwanza umeme, mara ya pili mtandao. Leo?"

"Leo mashine imeganda, bosi. Naiangalia hapa."

"Sisemi ni uongo. Nasema kila wiki napewa hadithi mpya, na watu wanaoomba nafasi yako wanajaa kwenye benchi huku. Hizo saa tisa za kikao nazitaka Ijumaa saa mbili asubuhi. Zisipofika, jina lako nalitoa kwenye orodha. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia."

"Haya. Kazi njema."

Na kweli hakumchukia. Aliogopa tu. Katika nyumba ile ya vyumba viwili hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa analeta kitu, na kila mmoja alilijua hilo hata kama halikutajwa mezani.

 

Mume wake alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha mabomba kwa miaka ishirini na miwili, hadi kiwanda kilipofungwa. Ilikuwa imetimia miezi minane. Mke alikuwa amempa jina la Kocha, na jina likamganda, kwa sababu tangu arudi nyumbani hagusi mpira lakini anajua kila mtu acheze wapi. Sufuria hii iwekwe kule. Kamba ya nguo ivutwe hivi. Mama mzazi wa Kocha, aliyeishi nao na kulala kwenye chumba cha mbele penye meza ya kazi, alikuwa anamsikiliza hadi mwisho, kisha anafanya alivyokuwa anafanya siku zote.

Tusimcheke sana Kocha. Mtu aliyezoea kuulizwa maneno mia kwa siku, akae miezi minane bila kuulizwa hata moja, lazima aanze kujijibu mwenyewe.

"Tatizo ni memori," alisema wakati wa chakula cha mchana.

"Imejaa?" akauliza mama yake.

"Haijajaa, mama. Ni ndogo. Sikiliza. Stoo inaweza kuwa na rafu mia, lakini kaunta ni moja. Kaunta ikiwa ndogo, unatoa bidhaa mbili tu, hakuna tena pa kuweka ya tatu, watu wanapanga foleni. Memori ndiyo kaunta. Tukiipanua, foleni inakwisha."

Mpiga chapa alikubali kwamba hilo limekaa sawa. Mume wake alikuwa anajua kueleza. "Lakini ile mashine ina miaka tisa," akasema. "Kioo kina ufa. Herufi ya M imefutika. Nikitia pesa kwenye memori, mwezi ujao kikifa kitu kingine je?"

"Mpya hatuiwezi."

"Najua hatuiwezi."

"Basi tuongeze memori."

"Au tusiongeze. Nifungulie sauti kwenye simu, niandike kwenye mashine, mwisho nibandike kwenye programu yao. Inachosha lakini inakwenda."

"Saa tisa zote?"

"Saa tisa zote. Ijumaa ikipita tutamuuliza fundi kama inafaa kuongezwa au tuiache izeeke kwa amani. Ila wiki hii, mume wangu, nakuomba, mtu asiiguse."

"Kwani mimi nimesema nitaigusa?"

"Hujasema," akadakia mama yake, "ila macho yako yameshaifungua."

Wakacheka wote watatu, Kocha kidogo kuliko wenzake. Mpiga chapa akarudi mezani, akaiegemeza simu kwenye kikombe, akaanza upya. Kufikia Jumanne jioni alikuwa amemaliza saa nne za kikao, na kila alipomaliza kipande alikihifadhi kwenye flashi na kuitia flashi ndani ya mkoba wake. Katika hilo hakuwa na mzaha.

 

Jumatano asubuhi aliitwa ofisini kusaini karatasi za mwezi uliopita. Alivaa viatu vyake vizuri, akamwambia Kocha maji yapo kwenye ndoo, akaondoka.

Kocha alikuwa na kiasi kidogo kilichobaki katika malipo yake ya mwisho. Alikifungia ndani ya bahasha, na bahasha aliificha kwenye kitabu chake cha zamani cha stoo. Hakukitunza kwa ubahili. Alikuwa anangoja jambo moja la maana la kukitolea, jambo ambalo mtu atalitazama na kusema hili amelifanya fulani. Kwa miezi minane kila jambo lililotokea nyumbani lilikuwa dogo mno, au kubwa mno. Hili lilikuwa saizi yake kabisa.

Akaipindua laptopu juu ya taulo. Akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisosi kwa mpangilio ule ule aliozitoa, maana alikuwa mtu makini, hilo hakuna atakayemnyima. Akaiona memori, kijibao chembamba cha kijani chenye meno ya dhahabu ukingoni, na pembeni yake nafasi nyingine tupu. Roho yake ikafurahi kuiona ile nafasi. Sasa alifanya kile alichokifanya kwa miaka ishirini na miwili kila alipoagiza kipuri: akachukua rula, akapima, akaandika kwenye kikaratasi. Memori. Urefu sentimita 6.8, upana 3. Kipande 1.

Kwenye kibanda cha vifaa vya kompyuta, muuzaji alikuwa anakula karanga.

"Ya laptopu gani, mzee?"

"Ya saizi hii," Kocha akasema, akampa kikaratasi.

Muuzaji akakisoma mara mbili. Kwa maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kumletea memori kwa sentimita. Akatoa moja kwenye kikasha, Kocha akaipima pale pale kwa rula yake. Ilizidi kama milimita mbili, na milimita mbili kwa mtunza stoo ni kitu cha kusamehe.

"Ikitoka hapa hairudi," muuzaji akasema.

"Naelewa." Hata yeye alikuwa anawaambia watu hivyo hivyo kaunta kwake, na kuyasikia maneno yale kulimpa raha.

Alipofika nyumbani, ikagoma kuingia. Urefu ulikaa. Upana ulikaa. Lakini katikati ya yale meno ya dhahabu kulikuwa na kipengo kidogo, na kipengo hicho hakikukutana na kijino kilichokuwa ndani ya nafasi yake, kilipishana nacho kidogo tu. Mtu mwingine angerudisha skrubu zote na kunyamaza. Kocha aliona kitu alichokiona mara elfu: tundu la boliti lililokosewa kiwandani. Na tundu lililokosewa lina dawa yake. Akaenda kwenye sanduku chini ya kitanda, akatoa tupa ndogo.

"Unanoa nini humo?" mama yake akauliza kutoka uani, alikokuwa anaanika nguo.

"Sinoi, mama. Narekebisha."

"Sauti ni ya kunoa."

Alikisugua kijibao kwa subira juu ya mashine iliyo wazi, akipulizia vumbi, hadi pengo jipya likatokea pale alipolitaka. Kijibao kikaingia kwa kukisukuma. Akakaza skrubu zote, akageuza mashine, akabonyeza. Kitaa cha bluu kikawaka, kikazima. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara kumi. Akafungua, akaitoa ile mpya, akaiacha ya zamani peke yake, akabonyeza. Giza tupu. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe Kocha alitamani mtu yeyote amwambie la kufanya.

Mke aliporudi alimkuta amekaa mikono ikiwa magotini.

"Imezima," akasema.

"Imezima vipi?"

"Nimeikuta imezima."

Alibonyeza, akachomoa waya, akachomeka, akabonyeza. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akaitazama skrini nyeusi, na uso wake ukawa wa mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeshaondoka. Saa tano za kikao zilibaki. Fundi wake alikuwa haji dukani kwake Jumatano.

Mpiga chapa alipokwenda kuoga, mama mkwe akamsogelea mwanawe. "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu, baba. Mimi mwenyewe nina muda mwingi."

 

Fundi alikuwa msichana mwenye miwani na mikono myepesi, na meza yake ilikuwa mbele kabisa ya duka, ili wateja waone anachofanya. Alhamisi asubuhi walikuwapo wateja wengine wawili kwenye benchi. Mpiga chapa alisimama karibu na meza, Kocha nyuma yake na mfuko wa laptopu begani.

Fundi akafungua kifuniko. Akainama. Akavuta taa karibu. Akachukua brashi ndogo, akaipitisha taratibu, na juu ya kitambaa cheupe likamwagika vumbi la kijani lenye vimulimuli vya dhahabu.

"Jamani," akasema. "Nani kapiga tupa?"

"Kapiga nini?" Mpiga chapa akauliza.

"Tupa, mama. Mtu kataka kuingiza memori ya aina nyingine, akaona pengo halikutani, akaichongea pengo jipya! Ile memori yenyewe iko wapi niione? Nawaomba niione."

Mkono wa Kocha ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati lake. Haukuingia, uligusa tu kwa nje na kushuka. Mke wake aliuona. Akautazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono, na Kocha akageuka kusoma kalenda ya ukutani.

"Ni mimi," Mpiga chapa akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa na haraka ya kazi."

Fundi alicheka hadi akavua miwani. "Mama yangu, umeniua! Hiki ni kitasa?" Mmoja wa wale wa kwenye benchi akasema kwake tupa ni ya kunolea shoka tu, na mwenzake akainuka kabisa kuja kuangalia vumbi. Mpiga chapa akatabasamu kama mtu mwenye kosa lake, akaacha wamalize. Kocha alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana, kama mlango wa stoo siku ya kupokea mzigo. Akabaki kwenye kalenda, mwezi wa tatu, picha ya maporomoko ya maji.

Baada ya kucheka, fundi akafanya kazi. Alisafisha kwa brashi na dawa, akapuliza, akabonyeza, na mashine ikawaka. Mpiga chapa akashusha pumzi ndefu iliyosikika hadi kwenye benchi.

"Sikiliza, mama," fundi akasema, sasa bila mzaha. "Vumbi ndilo lilikuwa linaizuia. Nafasi moja ni nzima, ya pili imekufa, meno yake yamepinda. Unaweza kuondoka nayo hivi hivi, itafanya kazi kama zamani. Au nitoe hii ndogo, niweke moja kubwa ya aina yake kwenye nafasi iliyobaki. Ninayo iliyotumika, bei yake si mbaya."

Ndiyo lile lile swali la Jumatatu, sasa likiwa na nafasi moja badala ya mbili.

"Ingekuwa yako ungeweka?"

Fundi akafikiri kwanza, na Mpiga chapa akampenda kwa hilo. "Kwa kazi ya kawaida, hapana. Kwa hiyo programu yako ya sauti, ningeweka. Halafu nisingetia hata senti nyingine humu. Itakupa mwaka, labda miwili. Ukiweza, anza kuweka akiba ya nyingine."

"Weka," Mpiga chapa akasema. Hakumgeukia mumewe kumuuliza.

 

Walitembea mitaa miwili. Barabarani watu walikuwa wanafungua maduka, wanamwaga maji ya kufagilia, na kila mmoja alionekana ana shughuli.

"Kwa nini umesema ni wewe?" Kocha akauliza mwishoni.

"Usidhani sikukasirika. Nimekasirika mpaka kichwa kinagonga. Nilikuambia mtu asiiguse, nilikuomba. Halafu ukaniambia umeikuta imezima."

"Kwa hiyo kwa nini?"

Alihamisha mkoba wake bega. "Kwa sababu wewe umechekwa vya kutosha mwaka huu," akasema, na akaongeza mwendo.

Kocha akabaki nyuma hatua tatu hadi nyumbani.

 

Mashine ilikuwa nyepesi, hilo walikubaliana wote. Programu ilifunguka kabla mama mkwe hajamaliza kuuliza kama imefunguka. Lakini ilikuwa Alhamisi saa tano asubuhi, na kila saa ya kikao ilimchukua zaidi ya saa nne za kuandika, na zilibaki saa tano za kikao. Mpiga chapa hakuhitaji karatasi kujua kwamba Ijumaa saa mbili asubuhi haiwezekani, hata asilale.

"Mpigie," mama mkwe akasema. "Mwambie ukweli wa mashine."

"Mashine nilishamwambia Jumatatu, mama. Umeme nimeshautumia. Mtandao nimeshautumia. Sasa nikimwambia ilikufa ikafufuka atasema namfanya mtoto." Akachukua simu hata hivyo, akatafuta jina. Simu ikaanza kuita.

"Nipe," Kocha akasema.

"Nini?"

"Nipe simu."

Alimpa kwa kukosa nguvu ya kubishana. Kocha akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa kusoma risala.

"Dada, habari za kazi. Mimi ni mume wake. Huyu unayempa vikao. Hapana, ni mzima, hajaugua. Kazi yako Ijumaa haitakamilika, na kosa si lake, ni langu. Mashine niliiharibu mimi, kwa mkono wangu. Hakuwepo, na alishanikataza." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Niliichonga memori kwa tupa."

"Shemeji," sauti ya msimamizi ikasema, "umesema kwa nini?"

"Kwa tupa. Ya chuma. Nilikuwa mtunza stoo, kiwanda kikafungwa, niko nyumbani, sina kazi. Nikataka kumsaidia. Nikapima kwa rula, sentimita sita nukta nane, nikanunua ya saizi hiyo. Haikuingia. Nikaona kipengo kimekosewa kiwandani. Ndiyo nikaichonga."

"Kiwandani wamekosea, wewe ukawasaidia."

"Ndiyo, dada."

Kicheko kilichotoka kwenye simu kilijaa chumba kizima. Mama mkwe akaziba mdomo kwa khanga. Mpiga chapa alitazama chini kwa ajili ya mumewe, kisha akainua macho, maana Kocha hakuwa amegeukia ukuta, wala mlango. Alikuwa amesimama pale pale, masikio yamemwiva, anangoja kicheko kipite.

"Shemeji, hilo hakuna binadamu anayeweza kulitunga," msimamizi akasema alipopata pumzi. "Mwambie mkeo Jumatatu, saa mbili asubuhi. Sio saa mbili na dakika moja."

"Anasikia."

"Na jina lake lipo, asiwe na wasiwasi. Subiri, shemeji, usikate. Wenzangu huku wamekuja wanauliza nacheka nini. Nimeweka spika. Hebu waambie na wao, tangu mwanzo."

Mpiga chapa akanyoosha mkono aichukue simu, amwokoe. Kocha akamtikisia kichwa, akamwonyesha kiti chake na visikio vyake mezani. Akangoja hadi mkewe akakaa na kuvivaa. Kisha akakohoa, akaanza tena, tangu kwenye rula.